Kisu Kinaweza Kusubiri, Mgonjwa Hawezi

Nawasalimu mlioko Moshi mjini, mlioko Hai na Siha, Vunjo na Rombo, na nyinyi mliowasha redio jikoni huku ndizi zikichemka. Jioni hii tuzungumze kuhusu tumbo, hasa tumbo la mtu aliyevuka miaka hamsini. Upo ugonjwa wa utumbo mpana ambao madaktari wanauita divertikulitisi. Wengi wetu hatujausikia, na waliousikia aghalabu waliusikia siku mambo yalipokwisha kuharibika, utumbo ukawa umetoboka. Na ipo habari njema: baadhi ya wagonjwa waliotoboka utumbo kwa ugonjwa huu wanapona bila kupasuliwa.

Habari hiyo ni ya kweli, lakini ikibebwa vibaya inaua. Tunajua maneno yanavyosafiri kwetu. Yanatoka wodini asubuhi, yanapita soko la Mbuyuni mchana, yakifika Marangu Mtoni jioni yamekuwa maneno mengine kabisa: kumbe utumbo ukitoboka ni kumeza dawa tu. Kisha mtu anamnunulia baba yake vidonge dukani, anamlaza, anasubiri. Ndiyo maana nawaomba tusikilizane mpaka mwisho, kwa sababu ninachotaka kusema ni kinyume cha hayo. Kutibiwa bila kupasuliwa ni kazi ya hospitali, tena ya hospitali kubwa, na anayefaidika nayo ni yule aliyewahi kufika.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana una ukuta wa misuli, na mishipa midogo ya damu hupenya ukuta huo kwenda kulisha utando wa ndani. Pale inapopenya, ukuta huwa dhaifu. Miaka ikisonga, msukumo wa ndani unaufanya ule utando utokeze nje kupitia sehemu hizo, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza tairi lilipochakaa. Hapo ndipo vinapotokea vifuko vidogo vidogo. Mara nyingi hukaa katika kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kile kilichojipinda upande wa kushoto chini ya kitovu. Ulaya na Marekani, karibu nusu ya watu waliofika miaka 60 wanavyo, na wengi wanazikwa navyo bila kujua kwamba waliwahi kuwa navyo.

Taabu inaanza kifuko kinapovimba. Mtu anapata maumivu chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kushoto, homa inapanda, hamu ya kula inakatika, choo kinafunga au kinakuwa chepesi ghafla. Wengi hutulia kwa matibabu ya kawaida. Kwa wachache, kifuko kilichovimba hutoboka, na vilivyomo ndani ya utumbo vinapata njia ya kutoka. Na jambo hili wasikilizaji wangu mlishike: kutoboka hutokea mara nyingi zaidi katika shambulio la kwanza. Mtu anaweza kuwa hajawahi kulalamikia tumbo maisha yake yote, na siku ya kwanza anapolalamika ndiyo siku hiyo utumbo umetoboka.

Kwa nini basi jina hili ni geni kwetu? Jibu lake limo ndani ya historia ya Afrika Mashariki yenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha Kampala, hadi 1966. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lakini yeye na mwenzake Hugh Trowell, daktari aliyehudumu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, waligundua jambo jingine: maradhi kadhaa yaliyokuwa yakijaza wodi za Uingereza, vifuko vya utumbo vikiwemo, yalikuwa nadra sana kwa wagonjwa wa huku. Burkitt akaendelea kuziandikia hospitali za misheni barani Afrika akiuliza kila moja inaona nini. Mwaka 1971, pamoja na daktari Neil Painter wa London, alichapisha makala iliyodai kwamba ugonjwa wa vifuko ni ugonjwa wa upungufu: watu wa nchi za Magharibi wameondoa makapi katika nafaka zao, utumbo unalazimika kusukuma kwa nguvu choo kidogo na kigumu, na ukuta unashindwa.

Mwaka huohuo wa 1971 ndipo KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi. Hospitali yetu ya rufaa ilizaliwa wakati vitabu vinasema kwamba ugonjwa huu si wa kwetu. Zaidi ya nusu karne imepita. Watu wetu wanaishi miaka mingi zaidi, na vifuko ni jambo la umri. Sembe nyeupe imeingia nyumba ambazo zilikula ndizi, maharage na ulezi. Na zaidi ya yote, sasa tuna vipimo vya kuona ndani ya utumbo ambavyo wazee wetu hawakuwa navyo. Daktari wa Afrika Mashariki wa leo anaukuta ugonjwa huu, na hawezi tena kuuondoa katika mawazo yake kwa sababu tu mgonjwa anatoka Kibosho au Mwika.

Sasa tuje kwenye tiba. Kwa miaka mingi, tumbo lililotoboka lilikuwa na jibu moja. Mwaka 1921, Henri Hartmann, daktari wa upasuaji wa Paris, alieleza operesheni ya kukata kipande cha utumbo kilichoharibika, kufunga mwisho wa chini, na kuutoa mwisho wa juu nje kupitia ukuta wa tumbo, mgonjwa apate choo kwenye mfuko. Aliibuni kwa ajili ya saratani, lakini baadaye ikawa ndiyo operesheni ya wagonjwa wa vifuko vilivyotoboka. Imeokoa watu wengi sana, na inaendelea kuokoa hadi usiku wa leo.

Lakini ina gharama yake. Anayepasuliwa mara nyingi ni mzee, tayari ana homa, presha imeshuka, figo zinalemewa. Akipona, anarudi nyumbani na mfuko wa choo ubavuni. Kwa kawaida anaambiwa kwamba baada ya miezi kadhaa atarudishwa chumba cha upasuaji ili utumbo uunganishwe upya, lakini kila mahali duniani wako wengi ambao hawarudishwi kamwe, kwa umri, kwa maradhi mengine, au kwa kuogopa kisu cha pili. Fikiria bibi anayeishi na mfuko huo huko juu Uru au Kilema: mifuko ya kubadilisha inapatikana mjini na ina bei, ngozi inayouzunguka inababuka, kanisani anakaa benchi la nyuma, na mwishowe haendi. Kumwepusha bibi huyo na operesheni hiyo, pale inapowezekana kwa usalama, ni jambo kubwa.

Na inawezekana lini? Mwaka 1978 madaktari wa Montreal, Kanada, wakiongozwa na John Hinchey, waliyapanga matobo haya katika madaraja manne. Daraja la kwanza, jipu dogo limejifunga palepale kando ya utumbo. La pili, jipu limejikusanya mbali kidogo, kwenye nyonga. La tatu, usaha umesambaa tumboni. La nne, choo chenyewe kimemwagika tumboni. Maana ya mpangilio huo ni kwamba kutoboka hakufanani. Tumbo lina namna ya kujilinda. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Binadamu anao pia, na kazi yake mojawapo ni kwenda kujibandika mahali palipoumia. Tobo dogo likitokea, utando huo na matumbo ya jirani huweza kuliziba na kuuzuia uchafu usisambae. Zamani daktari asingejua kama limezibwa au la bila kufungua tumbo. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili, kilipoenea, aliweza kuona jipu, ukubwa wake, na hewa iliyotoka imeishia wapi.

Tangu hapo madaktari wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiwatibu bila kuwapasua wagonjwa wa madaraja mawili ya kwanza, na hata baadhi ya wale ambao hewa imeonekana kutoka kidogo, maadamu hali yao imetulia. Wengi wao wanapita salama bila operesheni ya dharura.

Tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapo ndipo uvumi unapopotosha. Mgonjwa analazwa. Haruhusiwi kula, utumbo upumzike. Anawekewa dripu ya maji. Anachomwa kupitia mshipa dawa za kuua bakteria wa utumboni, kwa mfano seftriaksoni pamoja na metronidazoli. Vidonge vya kumeza nyumbani haviwezi kushika nafasi hiyo. Anapigwa CT. Jipu likiwa dogo, chini ya sentimita tatu hivi, mara nyingi dawa pekee zinalikausha. Likizidi sentimita tatu au nne, daktari wa mionzi hutazama kwa CT au altrasaundi, akapitisha mrija mwembamba kwenye ngozi mpaka ndani ya jipu, usaha ukatoka bila tumbo kufunguliwa. Muuguzi anapima mapigo ya moyo, presha, joto, pumzi, na kiasi cha mkojo, mchana na usiku. Daktari wa upasuaji anamminya tumbo mara kadhaa kwa siku, kwa mkono uleule, ajue kama limelainika au limekaza. Na muda wote huo chumba cha upasuaji kiko tayari. Ndani ya siku mbili au tatu mgonjwa anapaswa kuwa anaonekana nafuu: homa inashuka, maumivu yanapungua, anatoa gesi. Asipopata nafuu, mpango unabadilika na anapasuliwa.

Mnaona basi, wasikilizaji. Tiba hii inahitaji watu wengi zaidi na macho mengi zaidi kuliko operesheni yenyewe. Operesheni inachukua saa chache. Kumtazama mgonjwa huyu ni kazi ya mchana na usiku. Mahali ambapo hakuna CT, hakuna wauguzi wa kutosha wa zamu ya usiku, wala daktari wa upasuaji karibu, kumwacha mgonjwa bila kumpasua kunakuwa kubahatisha tu. Daktari mwaminifu katika mazingira hayo ataamua mojawapo kati ya mawili, apasue au ampe rufaa haraka, na familia isimlaumu.

Wako pia wagonjwa ambao hawafai kusubirishwa hata kwenye hospitali bora kuliko zote. Tumbo lililokakamaa kama mbao kila upande, presha iliyoporomoka, kuchanganyikiwa, uchafu uliosambaa: huyo anahitaji kisu, na kila saa ina thamani. Mwenye kinga iliyodhoofika, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, anatazamwa kwa hofu zaidi, kwa sababu mwili wake unaweza kushindwa kuziba tobo. Na kwetu Tanzania kuna jambo la kuzingatia kuliko yote: matumbo mengi yanayotoboka hapa hayatobolewi na vifuko. Yanatobolewa na homa ya matumbo, yaani taifodi, na vidonda vya tumbo, na kifua kikuu cha utumbo, na kidole tumbo kilichocheleweshwa. Kijana wa miaka 20 aliyetoboka utumbo kwa taifodi anahitaji operesheni. Asiambiwe na mtu yeyote kwamba amesikia redioni kuna tiba isiyo ya kisu.

Lakini hata kwa mwenye vifuko, tatizo kubwa la mlimani kwetu ni saa zinazopotea kabla ya kufika. Mzee anaumwa Jumatatu usiku. Anasema ni tumbo tu, labda ni nyama ya jana. Jumanne anachemshiwa majani. Jumatano mjukuu anatumwa duka la dawa analeta diklofenaki, maumivu yanapungua, na nyumba nzima inashusha pumzi. Hapo ndipo hatari inapozidi. Dawa za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zinapunguza maumivu bila kugusa tobo, na zenyewe zimehusishwa na kutoboka kwa vifuko. Isitoshe, mwili wa mzee hautoi kelele kama wa kijana. Homa inaweza kuwa ndogo, tumbo likawa limekaza kidogo tu, na kumbe ndani usaha umejaa. Alhamisi anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, ndipo gari linatafutwa, na mvua imeharibu barabara ya kushukia lami. Mgonjwa ambaye Jumatatu angefaa kutibiwa kwa dripu na mrija, Alhamisi hana njia nyingine isipokuwa meza ya upasuaji, na anakwenda hapo akiwa dhaifu.

Nawaomba watoto wa wazee hawa, mlioko mlimani na mlioko Dar es Salaam mnaorudi kila Desemba, mshike mambo machache. Mtu mzima akiumwa tumbo mfululizo kwa saa kadhaa, hasa sehemu moja, akiwa na homa au kutapika au tumbo gumu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipewe dawa ya kumfanya aharishe wala asipigwe bomba la maji kwa njia ya haja kubwa. Tumbo lililotoboka halivumilii msukumo. Dawa zote anazotumia zibebwe mkononi, hasa za maumivu, za kuyeyusha damu na steroidi. Mkifika, semeni maumivu yalianza saa ngapi na upande gani, na msione aibu kumweleza daktari kwamba alikunywa mitishamba. Hospitali za karibu yenu, iwe Kibosho, Machame, Marangu, Kilema au Huruma kule Rombo, zinaweza kumwanzishia dripu na dawa za sindano wakati rufaa ya kwenda Mawenzi au KCMC inaandaliwa. Rufaa ikitolewa usiku, ondokeni usiku.

Akipona bila kupasuliwa, safari haijaisha. Baada ya wiki sita hadi nane, madaktari hushauri utumbo uchunguzwe kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu saratani ya utumbo mpana inaweza kutoboka na kuonekana kwenye picha kama ugonjwa wa vifuko. Miadi hiyo watu wengi huiruka, kwa sababu mgonjwa amepona na anapalilia kahawa yake. Msiiruke. Shambulio pia linaweza kurudi, na wapo watakaoshauriwa operesheni ya kupangwa, ambayo ni nyepesi kuliko ya dharura na mara nyingi haihitaji mfuko.

Na chakula je? Kwa muda mrefu wagonjwa hawa walikatazwa mahindi, njugu na mbegu kwa hofu kwamba punje itanasa kwenye kifuko. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanaume 47,228 waliofuatiliwa kwa miaka 18, na waliokula njugu na mahindi hawakuonekana kuugua zaidi. Kwa hiyo makande hayana kosa. Dai la Burkitt kwamba makapi yanazuia vifuko visitokee halijathibitishwa lote. Utafiti wa North Carolina wa mwaka 2012, uliochunguza watu 2,104 kwa kamera, haukuona kinga hiyo. Lakini katika kuzuia ugonjwa wenyewe na kulazwa, anaonekana alikuwa kwenye njia sahihi: Uingereza, kati ya watu wazima zaidi ya 47,000 waliofuatiliwa, wasiokula nyama na wanaokula vyakula vya nyuzinyuzi nyingi waliugua kwa nadra zaidi. Kiburu cha ndizi na maharage, uji wa ulezi, dona badala ya sembe, mboga za kihambani, maji ya kutosha na miguu inayotembea: tunavyo tayari, na havihitaji kununuliwa famasi. Sigara na nyama nyekundu kila siku vinakwenda upande mwingine.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye dhamana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wazee wana dirisha lao katika hospitali za umma. Hayo ni mambo mema, na mgonjwa aliyetoboka utumbo ndiye kipimo chake. Mashine ya CT inayofanya kazi saa nane usiku, mtaalamu wa kuisoma picha, muuguzi asiyegawanywa kwa wagonjwa arobaini, gari la wagonjwa lenye mafuta pale Mkuu Rombo: vikiwepo hivyo, daktari anaweza kumwambia mzee kwamba leo hatumpasui na akawa anasema kwa uhakika. Visipokuwepo, habari njema ya kupona bila kisu itabaki kuwa ya wale waishio karibu na hospitali kubwa na wenye fedha. Mzee wa Tarakea anastahili nafasi ileile aliyonayo mzee wa Montreal, na sehemu ya kwanza ya nafasi hiyo iko mikononi mwetu sisi tunaoishi naye: akisema tumbo linamuuma, tumwamini, na tumpeleke siku hiyo.